Kapteni Grant, Mchoraji Aliyeugua Karagwe

Sisi tuliosoma Bugene tulikariri majina ya wapelelezi wa Kizungu kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha: Burton, Speke, Grant, Livingstone, Stanley. Katika orodha hiyo jina la Grant lilikuwa likitajwa haraka haraka, kama mkia wa jina la Speke, kisha mwalimu akaendelea na mambo mengine. Mtihani haukuuliza zaidi ya hapo. Lakini ni Grant, wala si Speke, aliyekaa katika nchi yetu ya Karagwe kwa miezi zaidi ya minne, na ni mkono wake uliochora kwa penseli na rangi za maji baadhi ya picha za kwanza kabisa za nchi hizi tunazozijua. Kwa hiyo inafaa ndugu zetu wa zamani, pamoja na wanafunzi waliopo shuleni sasa, wapate habari za maisha yake kwa kirefu kidogo.

Utoto na ujana

James Augustus Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 huko Nairn, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Uskochi. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mtoto huyo alikua mahali ambapo upepo wa bahari hauishi na mwanga wa jua hubadilika mara kadhaa kwa siku moja. Alisoma Nairn, kisha Aberdeen, na katika chuo cha Marischal alijifunza elimu ya viumbe na mimea. Elimu hiyo ya mimea haikumwacha mpaka kufa kwake. Mtu aliyezoea kulitazama jani moja hata akajua idadi ya mishipa yake, hapati shida kubwa kukitazama kilima.

Mwaka 1846 alijiunga na jeshi la Waingereza kule Bara Hindi. Alipigana katika vita dhidi ya Masingasinga mwaka 1848 na 1849, na mwaka 1857 alikuwamo katika kikosi kilichokwenda kuuokoa mji wa Lucknow wakati wa maasi makubwa ya Wahindi. Huko alijeruhiwa mkono na kupoteza sehemu ya vidole. Jambo hili tuliweke akilini, maana picha tutakazozizungumzia zilichorwa baada ya jeraha hilo, si kabla yake.

Huko huko Bara Hindi ndiko alikofahamiana na John Hanning Speke, ofisa mwenzake aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1827. Wote wawili walipenda kuwinda, na urafiki wao ulianzia porini.

Kutoka Unguja hadi Kaze

Mwaka 1858 Speke alikuwa ameliona Ziwa Nyanza kutoka upande wa kusini, akaamini kwamba hapo ndipo chanzo cha mto Naili. Wakubwa wa Chama cha Jiografia cha London walimtuma arudi akahakikishe, naye akamchagua Grant awe mwenzake. Waliondoka Uingereza mwezi Aprili 1860, wakafika Unguja mwezi Agosti mwaka huo.

Grant alikuja na mashine ya kupigia picha. Wakati huo upigaji picha ulikuwa kazi ngumu mno. Mpiga picha alitumia kioo kilichopakwa dawa, na ilimpasa ajifungie ndani ya hema dogo lenye giza ili aiandae na kuisafisha picha kabla dawa haijakauka. Mjini Unguja alifanikiwa kupiga picha kadhaa, nazo ni miongoni mwa picha za zamani sana za mji ule. Lakini msafara ulipoingia bara, joto la ndani ya lile hema lilikaribia kumwua. Ikaamuliwa mashine irudishwe pwani. Tangu siku ile, kumbukumbu yote ya macho ya safari hiyo ikabaki juu ya karatasi, penseli, brashi na kisanduku cha rangi.

Wanafunzi wafahamu kwamba wachoraji wa Ulaya wa zama hizo walikuwa ndiyo kwanza wanazoea kutoka nje ya nyumba zao. Kabla yake, mchoraji wa mandhari aliandika alama chache porini, kisha akaimaliza picha yake chumbani, pengine baada ya miezi mingi. Rangi za maji zilizokauka katika vidonge, na baadaye vichupa vya bati laini vya rangi ya mafuta vilivyobuniwa na Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841, ndivyo vilivyomwezesha mchoraji kubeba karakana yake mfukoni. Rangi za maji ndizo zilizomfaa msafiri zaidi. Ni nyepesi, hazihitaji mafuta, na maji hupatikana penye mto wowote.

Hata hivyo kuchora nje katika nchi ya jua kali si mchezo. Rangi hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili wa karatasi. Mvua ikinyesha ghafla, kazi ya asubuhi nzima huoshwa. Mchwa hula karatasi, na unyevu huotesha ukungu. Juu ya hayo, mchoraji mwenyewe hutazamwa na watu, naye hana budi kuvumilia kutazamwa kama anavyowatazama wengine.

Msafara uliondoka Bagamoyo mwanzoni mwa Oktoba 1860, ukapita Uzaramo, Usagara na Ugogo, ukafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Januari 1861. Ulikuwamo umati wa wapagazi, na kiongozi mmojawapo alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na baadaye akawa msafiri maarufu kuliko Wazungu wengi. Tusisahau kwamba kisanduku cha rangi hakikutembea chenyewe. Kila karatasi iliyofika Ulaya ilikwenda kwa jasho la watu ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Mbele ya Kaze mambo yalikuwa magumu. Njaa, vita vya watemi na madai ya hongo vilichelewesha safari kwa miezi mingi. Mwezi Septemba 1861, Grant akiwa peke yake na kundi lake, msafara wake ulivamiwa na watu wa mtemi Myonga na mali nyingi zikaporwa. Katika hali kama hiyo mtu mwingine angeitupa penseli mbali.

Mgeni wa Mukama Rumanyika

Tarehe 25 Novemba 1861 wasafiri hao walifika kwa Mukama Rumanyika, katika makao yake makuu ya Bweranyange. Mambo yakageuka. Karagwe hawakudaiwa hongo. Mukama aliamuru wapewe chakula njiani, akawapokea kwa heshima, akawauliza maswali mengi juu ya nchi za mbali na mambo ya dunia. Wageni wote wawili waliandika juu yake kwa sifa, wakimwona kuwa mtu mpole, mwenye akili na mwenye hamu ya kujua. Sisi Wanyambo hatuna haja ya sifa za mgeni ili tujijue, lakini ushahidi huo ni wa watu waliokuwa wamepita kwa watawala wengi na kuwalaumu karibu wote.

Chini ya kilima cha makao hayo kuna ziwa dogo. Grant alipoliona alilifananisha na ziwa Windermere la Uingereza, akalibandika jina hilo, kana kwamba halikuwa na jina lake tangu zamani. Hii ni kasoro ya wapelelezi wote, nasi tuitaje bila kuficha. Lakini ulinganisho huo unaonyesha pia jambo jingine. Mchoraji yule aliyetoka nchi ya baridi alisimama juu ya vilima vyetu vya nyasi akaona uzuri anaouelewa. Kila aliyesoma huku anaujua mwonekano huo: ukungu umelala mabondeni asubuhi, migongo ya vilima inafuatana hadi bonde la mto Kagera, na siku ya hewa safi baada ya mvua, mbali kabisa upande wa magharibi, hutokeza vilele vya Mfumbiro.

Mwezi Desemba mguu wa Grant ulianza kuuma. Ulivimba kuanzia juu ya goti, ukawa mgumu, kisha ukatunga usaha na kupasuka penye matundu mengi. Hakuweza kusimama. Wakati huo huo habari njema zilifika kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda yuko tayari kuwapokea wageni. Lakini desturi ya Buganda haikuruhusu mgonjwa kuingizwa nchini. Tarehe 10 Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda, akamwacha mwenzake juu ya kitanda katika nyumba ya nyasi.

Baadhi ya matabibu wa siku hizi waliosoma maelezo ya Grant mwenyewe wanadhani kwamba ugonjwa ule ulikuwa donda la Buruli, linaloletwa na kijidudu cha jamii moja na vile vya kifua kikuu na ukoma. Jina hilo limetokana na eneo la Buruli nchini Uganda, ambako wagonjwa wengi waligunduliwa katika karne ya 20. Kama dhana hiyo ni sahihi, basi maelezo yake ya Karagwe ni ya kwanza kuandikwa juu ya ugonjwa huo. Mwaka 1862 hakuna aliyelijua hilo. Walijaribu dawa za Kizungu na za kienyeji, na mgonjwa akaendelea kulala.

Basi fikirini hali yake. Mwenziwe amekwenda kutafuta lile walilolifuata wote wawili. Yeye hana habari za hakika, hana daktari, hajui kama atautumia mguu tena. Mwenyeji wake ni Mukama ambaye angeweza kuchoka na mgeni asiye na faida. Rumanyika hakuchoka. Alimtunza, naye na watu wake wakamtembelea na kuzungumza naye.

Katika miezi hiyo Grant alifanya alichoweza. Hakuweza kuutembelea ulimwengu, basi ulimwengu ukaja mlangoni pake, naye akauandika na kuuchora. Kwa kalamu na penseli aliweka kumbukumbu ya watu, nyumba, mimea, wanyama, mavazi na vyombo. Katika kitabu chake aliisimulia nanga, kinanda cha nyuzi ambacho wazee wetu walikipiga wakisimulia habari za mashujaa. Alisimulia pia vitu vya ufalme vya shaba na chuma, na ngoma zilizopigwa mwezi mpya ulipoandama. Baadhi ya vyombo vya aina hiyo vya ufalme wa Karagwe vimehifadhiwa hadi zama zetu, na maandishi hayo ya mwaka 1862 ni shahidi mmoja wa jinsi vilivyotumika.

Tarehe 14 Aprili 1862 alitoka Karagwe akibebwa kwa machela, akavuka mto Kagera na kupita nchi za magharibi ya Ziwa Nyanza, akamkuta Speke Buganda mwishoni mwa Mei.

Maporomoko ambayo hakuyaona

Mwezi Julai 1862 wenzi hao waliondoka kwa Kabaka. Ikakatwa shauri waachane tena. Speke alielekea mashariki, mahali mto unapotoka ziwani, na Grant akaelekea kaskazini kwa Mukama Kamurasi wa Bunyoro, pamoja na ng'ombe na mizigo, kwa kuwa mguu wake haukuweza kuhimili mwendo wa haraka. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama mbele ya maporomoko aliyoyaita Ripon, akauona mto ukimwagika kutoka ziwani. Grant hakuwapo.

Hapa ndipo watu wengi huuliza kama Grant alidhulumiwa. Alikuwa ametembea njia nzima, amevamiwa, ameugua, na siku ya mavuno hakuitwa shambani. Tena yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wa msafara. Lakini katika maandishi yake hakumlaumu mwenziwe. Alieleza kwamba mguu ndio uliomzuia, akaishia hapo. Wako wanaosema huo ulikuwa udhaifu, na wako wanaosema ulikuwa uungwana. Mwandishi wa makala hii anaelekea upande wa pili, kwa sababu ya mambo yaliyofuata.

Walifika Gondokoro mwezi Februari 1863, wakateremka na Naili hadi Misri, wakaingia Uingereza mwezi Juni. Kitabu cha Speke kilitoka mwaka huo huo, kikiwa na picha nyingi ambazo sehemu yake kubwa zilitokana na michoro ya Grant. Ila msomaji hakuiona kazi yake kama alivyoifanya. Wakati huo picha haikuweza kuchapwa kitabuni moja kwa moja. Ilibidi fundi aichore upya juu ya kibao cha mti, kisha mwingine aichonge, na ndipo wino upakwe. Mafundi hao wa London waliongeza vivuli na misuli, wakanyoosha hiki na kukipamba kile, na rangi zote zikapotea. Vilima vya kijani na udongo mwekundu vikawa weusi na weupe mtupu.

Mwaka 1864 Grant alitoa kitabu chake juu ya kutembea kwake kuvuka Afrika, na Chama cha Jiografia kikampa nishani ya dhahabu. Mwezi Septemba mwaka huo Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe katika mawindo, siku moja kabla ya mjadala wa hadhara kati yake na Burton juu ya chanzo cha Naili. Wapinzani walisema mengi, na marehemu hajitetei. Grant alihudhuria mazishi, na kwa miaka yote iliyobaki aliitetea kazi ya rafiki yake, kazi ambayo sifa yake haikuwa yake. Mwaka 1875 Stanley alipolizunguka ziwa lote, ilithibitika kwamba Speke alikuwa amesema kweli.

Miaka ya mwisho

Grant alioa mwaka 1865. Mwaka 1868 alikwenda na jeshi la Waingereza katika vita vya Uhabeshi, kisha akastaafu akiwa na cheo cha luteni kanali. Baada ya hapo alirudi kwenye mapenzi yake ya ujana, yaani mimea. Mimea aliyoikusanya njiani ilichunguzwa na wataalamu wa bustani ya Kew, na orodha yake, pamoja na picha, ikachapishwa katika miaka ya 1870. Swala mmoja mkubwa wa nyika zetu ameitwa kwa jina lake, nasi hadi leo tunamwita swala granti. Alifariki Nairn, mahali alipozaliwa, tarehe 11 Februari 1892.

Tusimfanye malaika. Alikuwa ofisa wa dola iliyokuwa ikitafuta njia na masoko, na ramani za wasafiri kama yeye ziliwafaa waliokuja baadaye na bunduki. Miaka michache tu baada ya Rumanyika kufariki, nchi yetu iliangukia mikononi mwa Wajerumani. Msomaji wa vitabu hivyo atakutana pia na maneno ya dharau juu ya Mwafrika. Lakini mchoro hulazimisha jambo ambalo kitabu hakilazimishi. Anayetaka kuchora mkono wa mpiga nanga hana budi kuutazama mkono huo kwa muda mrefu, na anayetazama kwa muda mrefu hujifunza hata asipokusudia.

Michoro yake ya asili, ikiwa na rangi zake, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi mjini Edinburgh. Yako mambo ambayo hayapo tena duniani. Yale maporomoko ya Ripon yenyewe yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililokamilika mwaka 1954. Ufalme wa Karagwe ulikoma pamoja na utawala wa machifu wa Tanganyika mwaka 1963. Wilaya yetu iligawanywa mwaka 2012 ikazaliwa Kyerwa, na mwaka 2019 mapori ya Ibanda na Rumanyika yakawa hifadhi za taifa. Nchi hubadilika, na asiyeiandika wakati ipo ataililia ikishapita.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. La kwanza ni kwa ndugu wa zamani: ingekuwa jambo jema umoja wetu uulizie nakala za michoro ile inayohusu Karagwe, ziwekwe katika maktaba ya shule, ili kijana wa hapa asilazimike kupanda ndege ili aone kilima cha babu yake. La pili ni kwa wanafunzi mliopo. Msingoje mgeni mwingine. Chukueni karatasi na penseli, pandeni kilima, mkae chini na kutazama. Pembeni mwa mchoro andikeni tarehe, jina la mahali na jina la mti kwa Kinyambo kama mzee anavyoutaja. Usipojua jina, muulize. Hilo la mwisho ndilo Grant alilolikosea pale penye ziwa, nanyi mnaweza kulifanya vizuri kumshinda, maana mzee wa kuulizwa yuko nyumbani kwenu.